Mtu Aliyebeba Meli Peke Yake

Hadi nilipofikisha miaka thelathini na minne, nikiwa na ndevu zangu, mke wangu na kadi yangu ya kupigia kura, niliamini kwamba ile meli kongwe ya ziwa letu ililetwa Kigoma na mtu mmoja, kaibeba kichwani.

Sisemi kwamba niliambiwa nikacheka. Niliamini, kama ninavyoamini kwamba samaki mgebuka ana miiba. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Zamani za misafara, Ujiji palikuwa na mpagazi aliyefunga shuka jekundu mgongoni, na shuka lile likipata upepo yeye huinuka. Haruki kama ndege, la. Huinuka kidogo tu, futi mbili tatu, akavuka mito bila kulowa. Wazungu walipofikisha meli yao pwani wakakuna vichwa namna ya kuileta ziwani, yule bwana akasema, nipeni. Akaiweka kichwani juu ya kata ya majani ya mgomba, akashika njia. Alipumzika mara moja tu, Mwandiga, na lile bonde la kushoto ukiwa unatoka mjini ndipo meli ilipokaa kitako. Akaishusha ziwani asubuhi, akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaenda kulala.

Na alikuwa na mwiko. Nguvu zake zilikuwa na sharti moja: asisaidiwe. Mkono wa mtu mwingine ukigusa mzigo wake, hata kwa wema, nguvu zote zinamtoka, anabaki mtu wa kawaida mwenye meli kichwani.

Aliyenipa habari hii ni kinyozi wangu wa Ujiji, na alinipa akiwa amenishika kidevu, wembe uko kooni. Mtu mwenye wembe kooni mwako humbishii, na ukizoea kutombishia, mwisho wake unamwamini.

"Wewe unafikiri wale wa kwenye mikanda ya video," aliniuliza, "wale wanaopaa na mashuka mgongoni, wazo wamelitoa wapi?"

"Sijui."

"Wamemwiba huyu wetu. Wakambadilisha rangi, wakamvalisha chupi juu ya suruali, wakapata pesa."

"Lakini meli nzima, bwana?"

"Meli ipo, haipo?"

"Ipo."

"Basi ilifikaje?"

Hapo nikaamini. Na kama nawe unafikiri usingeamini, kanyolewe pale kwanza.

Sasa, habari hiyo isingekuwa na madhara kwa mwalimu au fundi cherehani. Lakini mimi kazi yangu ni kubeba. Ni mbeba mizigo wa Kibirizi, tangu nilipoacha shule ya msingi. Wasiofika Kibirizi niwaeleze kidogo. Boti zetu za mbao, zile zinazokwenda vijiji vya mwambao ambako hakuna barabara, hazigusi nchi kavu. Zinasimama pale maji yanapofika mapajani, siku nyingine kiunoni, na kila kinachopanda, kuanzia magunia ya dagaa hadi wakwe wa watu, kinapanda mabegani au migongoni mwetu. Nimebeba mabati. Nimebeba majeneza. Nimebeba bwana harusi mwenye kilo mia mbili, au tuseme mia, na viatu vyake vikarudi vikavu kama vilivyotoka dukani.

Mzigo mwepesi unabeba peke yako. Mzigo mzito unabebwa na watu wawili kwa mti: mti mrefu wa mkaratusi, mzigo unaning'inia katikati kwa kamba, mmoja mbele, mmoja nyuma. Na hapo ndipo penye ufundi. Wawili wa mti lazima wawe na kimo kimoja, vinginevyo mzigo unateleza unamfuata mfupi, na mfupi anakwisha kabla ya jua kupanda. Wa mbele ndiye macho: anapapasa mchanga kwa nyayo na kutoa amri. Wa nyuma anamfuata, na wimbi likirudi, maji yote ni yake. Ndiyo maana mgeni akitaka kujiunga na mtu hasemi maneno mengi, anakwenda kushika ncha ya nyuma. Akiachwa aishike, kapata mwenza. Na wawili wakiachana, mti unabaki kwa yule aliyeachwa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini sijaona mtu akiivunja.

Mwenzangu wa mti alikuwa mtu wa makamo, mrefu kama nguzo ya umeme, na mimi pia ni nguzo ya umeme, ndiyo maana tulikutana. Alizaliwa Burundi akaletwa huku akiwa mtoto wa mgongoni wakati wa kukimbia vita, akakulia hapa, akaoa hapa, watoto wake wanasoma hapa. Alikuwa na maneno machache na mawili kati ya hayo yalikuwa "buhoro buhoro", yaani polepole, na la tatu "sha", yaani rafiki. Mimi nazungumza hata nikiwa chini ya gunia. Yeye anasikiliza hata akiwa amelala. Kwa miaka tisa tulibeba pamoja, yeye mbele, na ninaapa katika miaka hiyo hatukulowesha hata kiberiti. Sawa, tuliwahi kulowesha godoro moja, lakini mwenye godoro alikuwa na haraka.

Basi nilipofikisha miaka thelathini na minne nikajiunga na masomo ya jioni ili nifanye mtihani wa kidato cha nne. Tulisomea katika darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yangu yakiwa jirani na masikio. Wenzangu walikuwa akina mama wauza mawese, askari wawili, fundi baiskeli, na mzee mmoja mwenye wajukuu aliyekuja kutafuta cheti ili, alivyosema, azikwe nacho. Mwalimu wetu wa Historia alikuwa binti mdogo kwangu kwa miaka kumi. Siku ya kwanza yule mzee alisimama akamwambia, "Shikamoo, Mwalimu," binti wa watu akashikwa na haya akajibu, "Habari za kazi."

Mwalimu huyo alitupa zoezi. Kila mtu aandike kurasa mbili juu ya shujaa wa mji wetu wa zamani, na chini kabisa ataje nani kamsimulia. Zoezi litakalopendeza lingegeuzwa mchezo, uonyeshwe siku ya mahafali.

Mimi niliandika kurasa kumi na moja. Nilimchukua yule bwana wa shuka jekundu nikampa maisha kamili. Zama zile hazikuwa na maghorofa ya kurukia, nikamrusha juu ya miembe ya Ujiji. Magari ya kuinua hayakuwepo, nikampa pembe za ndovu, mbili kila bega na moja kwenye meno. Chupi juu ya suruali niliiona haifai kwa mtu wa Ujiji, nikamvalisha msuli juu ya kanzu. Chakula chake kilikuwa ugali wa muhogo na migebuka kumi na miwili, na mwanamke aliyempikia alikuwa na mikono yenye misuli kuliko yake.

Kalamu nyekundu ikarudi. Pembeni mwa ukurasa wa tatu Mwalimu ameandika: "Misafara ya pembe na ile meli ni nyakati mbili tofauti. Meli ilikuja baadaye sana." Nikamwendea nikamwambia mtu mwenye nguvu namna ile lazima aishi muda mrefu. Akacheka kidogo. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Katika misafara hiyo hiyo, watu walipita hapa Ujiji wamefungwa minyororo shingoni. Shujaa wako alikuwa wapi?"

Nikazikusanya kurasa zangu nikarudi dawatini. Usiku huo niliongeza ukurasa wa kumi na mbili: bwana wa shuka akishuka juu ya msafara, akikata minyororo kama mtu anayemenya ndizi, kila mmoja akarudi kwao. Mwalimu aliurudisha ukurasa huo na neno moja tu la kalamu nyekundu: "Laiti."

Na mwisho kabisa, pale nilipotakiwa kutaja msimulizi, nilikuwa nimeandika: "Inajulikana." Chini yake Mwalimu akaandika: "Na nani?"

Hata hivyo zoezi langu ndilo lililochaguliwa, kwa sababu lilikuwa na meli. Na mhusika mkuu nikawa mimi, kwa sababu ya kimo. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuvimba. Nikajiambia siwezi kuigiza mtu aliyebeba peke yake huku mimi nabeba nusu nusu. Nikamwambia mwenzangu wa mti tukiwa tunaanua kamba.

"Kuanzia kesho nabeba peke yangu. Nafanya mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya mchezo wa mahafali."

"Ule wa meli ya makaratasi?"

"Mwigizaji lazima amwingie mtu wake, kaka. Yule hakusaidiwa. Ana mwiko."

Akaufuta mti kwa kiganja, kama anavyofanya kila jioni. "Haya, sha. Na mahafali yakipita?"

"Narudi."

Sikurudi.

Mahafali yenyewe yalifana. Meli tuliitengeneza kwa maboksi ya sabuni, kubwa kama kitanda cha futi tano, na shuka jekundu lilikuwa pazia la sebuleni kwetu, ambalo mke wangu alilitoa baada ya kuniapisha mbele ya mama yake. Nilipotokea na meli kichwani, watu walipiga kelele zikasikika Kongo. Nilipofika kwenye sehemu ya mwiko, fundi baiskeli, aliyeigiza mtu mwema asiyejua, akanyoosha mkono kunisaidia, nami nikapaza sauti, "Usiguse!" Ukumbi wote ukapaza nami, "Usiguse!" Watoto walilichukua neno lile wakaenda nalo mtaani mwezi mzima. Mwenzangu wa mti alikuja. Alikaa nyuma kabisa na shati lililopigwa pasi, akapiga makofi kama wengine. Nilimwona. Nilifikiri tu kwamba amependa mchezo.

Baada ya hapo nikipita Kibirizi na gunia, watu wananiita: "Usiguse!" na mimi naongeza gunia la pili. Ndugu yangu, sifa ni kitu kibaya kuliko konyagi, maana konyagi angalau inaisha. Kila asubuhi nilikuwa nashuka majini na mzigo wa wawili, naona kabisa mgongo unanilaumu, na jioni mke wangu ananikanda kwa mawese ya moto huku akiniuliza maswali.

"Yule mwenzako kakukosea nini?"

"Hajanikosea. Ni mwiko tu."

"Mwiko wa nani? Wako wewe, au wa mtu wa kwenye mchezo?"

"Huelewi mambo ya sanaa."

"Naelewa mgongo," akasema, na akagandamiza palepale panapouma.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Bombani alikutana na mke wa mwenzangu, na habari za bombani zinafika nyumbani kabla ya maji. Mwenzangu alikuwa hapati mwenza. Pale Kibirizi wote ni wafupi kwake. Alijaribu kijana mmoja, gunia likateleza kwa kijana, kijana akakimbia. Alijaribu mzee mmoja, wakaangusha kreti ya soda. Sasa alikuwa anasimama ufukweni na mti begani tangu alfajiri, akipata kubeba mkoba wa huyu na kuku wa yule, na bega lake la kushoto, ambalo kwa miaka tisa tulilipumzisha kwa kuhamishia mti bega la pili kwa pamoja, halikumruhusu tena gunia zima peke yake. Alikuwa ameshasema nyumbani kwake: mwezi ukiisha bila mwenza, anaondoka ziwani, anakwenda bara kulima vibarua, aiache familia hapa.

Nilimuuliza mwenyewe. Nilimkuta anakunywa uji kwa mama mmoja karibu na mashua.

"Nasikia unataka kwenda kulima?"

"Sitaki," akasema. "Nitakwenda."

"Utarudi?"

"Nilihama mara ya kwanza mgongoni mwa mama yangu. Sikupenda, lakini sikutembea. Hii ya pili nitatembea mwenyewe." Akanywa uji. "Mti nitauacha kwa huyu mama, atakayeuhitaji achukue."

Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi nilimwambia, "Mungu akutangulie," nikaenda kubeba magunia mawili. Nilikuwa na huzuni, nakiri, lakini nilikuwa na huzuni ya mtu anayedhani mambo hayamhusu.

Zilibaki siku tatu mwezi uishe. Siku hiyo asubuhi ukaingia mkokoteni kutoka Ujiji, na juu ya mkokoteni mashine ya kusagia mihogo, yaani injini pamoja na kinu chake, vyote vimefungwa kwenye fremu moja ya chuma. Nyuma ya mkokoteni anatembea bibi mmoja, amejifunga kanga mbili, mkongojo mkononi, mdogo wa mwili lakini ufukwe ulimpisha. Mashine alikuwa anampelekea binti yake katika kijiji kimoja cha mwambao wa kaskazini. Wanawake wa kijiji kile, alieleza, wanapanda boti kufuata mashine kijiji cha pili.

"Nataka watu wawili," akasema.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe na nani?"

"Mimi na Mungu."

"Mungu habebi mashine, mjukuu wangu. Wewe na nani?"

Watu waliokuwa karibu wakadakia, "Huyo ndiye Usiguse, Bibi! Anabeba peke yake!" Mimi nikaona niongezee. Nikamweleza Bibi habari nzima, shuka, meli, bonde la Mwandiga, mwiko, huku naizunguka mashine natafuta pa kushika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja, na leo najua kwamba mtu mzima asipokukatiza si kwamba amekubali.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Inajulikana, Bibi."

"Haya." Akatazama ziwa, akatazama boti iliyokuwa inapiga honi, akatazama miguu yangu. "Mimi nimeuza mashamba ya michikichi ya marehemu mume wangu kupata hicho chuma. Kikizama, binti yangu atasaga kwa meno."

"Hakizami."

Mwenzangu alikuwa amesimama hatua kama kumi kutoka pale, mti begani. Bibi alimwona. Akaelekeza mkongojo. "Na yule mrefu?"

"Yule anaondoka, Bibi," nikajibu. Lilinitoka tu.

Nikapiga goti nyuma ya mkokoteni, nikapitisha kamba mbili mabegani, nikaivuta ile mashine ikanikalia mgongoni. Ilikuwa na uzito wa tembo aliyeshiba. Sawa, ndama wa tembo. Nikasimama. Watu wakashangilia. Hatua ya kwanza, ya pili, nikaingia majini. Maji ya vifundoni ni rahisi. Maji ya magotini unaanza kuhesabu. Boti ilikuwa imebaki hatua sita, najua maana nilizihesabu kwa sauti.

Hatua ya nne kutoka botini mguu wa kushoto ukaingia shimoni. Mchanga wa pale unahama kila usiku, na ndiyo kazi ya mtu wa mbele kuupapasa kwanza, lakini mimi mbele yangu hapakuwa na mtu. Mguu ukazama mpaka nusu ya ugoko. Nikivuta, mashine inayumba kulia. Nikitulia, mchanga unanimeza. Boti nyingine ikapita nyuma ikatuma wimbi, maji yakanifika kiunoni na kulamba fremu ya mashine. Kamba moja ikaanza kuteleza begani. Ufukweni kelele zikakatika. Nikasikia Bibi anasema, si kwa kupaza sauti, "Chuma changu."

Kisha nikasikia maji yanakanyagwa nyuma yangu, polepole. Niliijua hatua ile. Nimeifuata miaka tisa.

"Usiguse!" nikapiga kelele.

"Nisiguse nini?"

"Mzigo! Nguvu zitanitoka!"

Akaja mbele yangu, mti mkononi, akanitazama. Magoti yangu yalikuwa yanagongana chini ya maji mpaka uso wa ziwa unatetemeka. "Sha," akasema, "hizo zikitoka, itabaki nini?"

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Mimi pia nikacheka, na kucheka ukiwa na mashine mgongoni ni kosa ambalo simwombei adui. Kamba ya kulia ikaachia. Mashine ikaniteremka ubavuni ikielekea ziwani. Akaingiza bega chini yake.

Nikangoja nguvu zinitoke. Nilingoja kweli, macho nimefumba. Kilichotoka ni uzito, nusu nzima, ukahamia kwake.

"Toa mguu," akasema. "Buhoro."

Nikatoa mguu. Tukaiegemeza mashine juu ya paja lake na paja langu, yeye akapitisha kamba kwenye fremu kwa mkono mmoja, fundo lile lile la siku zote, kisha akausukuma mti katikati ya kamba. Ncha ya mbele ikajikuta iko mkononi mwangu. Ningeweza kuiweka begani, na kwa miezi ile niliyokuwa mtu mkubwa ningeiweka. Nikamkabidhi. Nikazunguka, maji yakiwa tumboni, nikaishika ncha ya nyuma.

Aligeuka akatazama mkono wangu pale kwenye mti. Alitazama kwa muda ambao mimi niliuona kama kiangazi kizima. Halafu akageuka mbele.

"Kushoto," akasema.

Nikaanza na kushoto. Akapapasa, akakwepa shimo, akapapasa tena. Wimbi la pili lilikuja lote likanipiga mimi kifuani, kama inavyompasa mtu wa nyuma. Hatua nne. Mabaharia wakaipokea mashine, wakaiweka juu ya mbao, kavu isipokuwa miguu ya fremu. Ufukweni mtu mmoja akaita, "Kaguswa!" na kuanzia siku hiyo hilo ndilo jina wanaloniita.

Tulirudi nchi kavu. Akaufuta mti kwa kiganja.

"Kesho kuna dagaa wa asubuhi," akasema. "Usichelewe."

"Na kulima?"

"Shamba halikimbii. Nikikuona umechelewa nitalikuta huko huko."

Sijachelewa mpaka leo, na huu ni mwaka wa tatu. Mke wangu anasema mawese yanakaa chupani mpaka yanaganda.

Bado alibaki Bibi mwenyewe kupandishwa, maana alikuwa anasafiri na chuma chake. Nikampigia goti, akapanda mgongoni mwangu na mkongojo wake, mwepesi kama kikapu cha dagaa waliokauka. Mwenzangu akatangulia kunipapasia njia. Tulipofika maji ya magotini, Bibi akainama sikioni kwangu.

"Ile meli," akasema, "babu yangu aliibeba."

Nikasimama palepale majini. "Babu yako ndiye wa shuka?"

"Tembea, nitalowa. Hakuna shuka. Meli ilikuja kwa treni, vipande vipande, ndani ya masanduku. Reli ilikuwa haijafika ziwani, basi pale ilipoishia watu wakabeba. Watu wengi, wa kila kabila, hakuna aliyejua hata idadi yao. Babu yangu alipewa sanduku moja la misumari ya chuma, akalibeba kwa mti yeye na mwenzake, wakalifikisha, wakarudi kuchukua jingine. Mtu mmoja hawezi kubeba meli, mjukuu wangu. Haya, tumefika botini, nishushe."